Andika uliyoyaona kwa macho yako

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yamewekwa kwenye karatasi kwa ajili ya wale wasioweza kuyasikiliza

Amani kwenu, baba na mama mlio chini ya shitingi, ninyi mnaokaa katika nyumba za jamaa waliowapokea, na ninyi mliorudi vijijini mkakuta kuta bila mabati. Nawasalimu pia wakubwa wetu: wami, mashefu wa vijiji na wa kartie, wa nyumba kumi, wachungaji, makatekista, na mama viongozi. Na wewe uliyepata karatasi hii badala ya kusikia sauti yangu, kwa sababu betri zimeisha au redio iliuzwa ili kununua unga, karibu. Soma polepole. Kama kando yako kuna mtu asiyejua kusoma, msomee kwa sauti.

Leo hatutasema juu ya mikutano ya upatanisho wala juu ya mipaka ya mashamba. Tutasema juu ya kaye na biki. Najua wengine watacheka: mtu hana bugali, wewe unamletea biki? Chekeni, lakini nisikilizeni kwanza.

Mama mmoja alinipa kaye yake. Ilikuwa kaye ndogo ya shule, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Akaniambia, "Mwanangu, humu nimeandika mambo yote yaliyotupata. Uyasome kwenye redio." Nikakaa chini nikasoma. Kurasa 11. Kila ukurasa ulisema neno lile lile: walitutesa, walitunyang'anya, walitumaliza, sisi hatukuwa na kosa, wao ni wabaya tangu mababu. Nilipomaliza sikujua mama huyu alitoka kijiji gani, ana watoto wangapi, alitembea siku ngapi. Nikamwuliza, "Mama, siku ile, vita vilipofika, ulikuwa unafanya nini?" Akasema, "Nilikuwa ninapika sombe." Nikauliza, "Na sufuria ilibaki wapi?"

Hapo akanyamaza. Kisha akaanza kusimulia, akasimulia mpaka jua likashuka. Alivyoiondoa sufuria motoni kwa kikwembe chake. Alivyotaka kuibeba kichwani, akaona haiwezekani kwa sababu ya mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Alivyoiweka nyuma ya mlango, na kifuniko juu yake, kama mtu anayekwenda mtoni na kurudi. Na alivyozima moto vizuri kwa maji, ili nyumba isiungue. "Nilizima moto," akasema, "na jioni ile ile watu wakaichoma."

Ndugu zangu, sikuzisoma zile kurasa 11 kwenye redio. Nitaeleza sababu. Lakini ninyi tayari mmemwona mama huyu akimwaga maji juu ya makaa, na hamkuuliza kwanza ni wa kabila gani.

Kuna namna ya kuandika ambayo si hadisi ya sungura na fisi, kwa maana mambo yake ni ya kweli. Wala si karatasi ya polisi, yenye jina la baba, jina la mama na sahihi. Wala si hotuba. Ni habari ya kweli ya maisha ya mtu, iliyosimuliwa hivi kwamba msomaji anaona mahali, anasikia watu wakisema, anajua kama ilikuwa asubuhi au usiku. Mtunga hadisi akitaka mvua inyeshe, inanyesha. Wewe huna ruhusa hiyo. Kama siku ile kulikuwa na jua, uandike jua. Lakini kazi nyingine zote za msimulizi mzuri ni zako: kuanza katikati ya habari, kuweka maneno ya watu, kukawia penye uzito na kupita mbio penye wepesi, kama walivyofanya wazee wetu jioni kando ya moto.

Msifikiri kazi hii ni ya Wazungu. Habari moja ya maisha iliyo kati ya zile za kwanza kabisa kuandikwa kwa Kiswahili inapita katika nchi yetu hii. Ni ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeitawala Kasongo na nchi za Maniema. Aliiandika katika uzee wake huko Unguja, na Mjerumani Heinrich Brode akaichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Tippu Tip alikufa mwaka 1905. Ukiisoma unakuta mito yetu, wakubwa wa zamani, vita, na pembe zilizohesabiwa kwa frasila. Mtu huyu alijua kusimulia, hilo halina ubishi. Lakini wale waliofungwa kamba shingoni hawakuacha kaye. Ndiyo maana mpaka leo, mtu akitaka kujua siku zile zilikuwaje, anaanza na maneno ya yule aliyebeba bunduki.

Mfano wa pili unanifurahisha zaidi. Mwaka 1965, Lubumbashi, wakati ule ikiitwa bado Elisabethville, wazee waliokuwa wamefanya kazi ya boyi katika nyumba za Wazungu walitengeneza kitabu chao wenyewe, kilichopigwa kwa mashine. Walikiita Vocabulaire de ville de Elisabethville, na André Yav ndiye aliyekikusanya. Waliandika habari ya mji ule jinsi walivyoiona wao, kutoka jikoni na uani, tena kwa Kiswahili cha mdomo wao, kile cha Katanga, bila kuomba ruhusa kwa mwalimu yeyote. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian akakichapisha ng'ambo, na leo wenye masomo makubwa wanakisoma ili wajifunze kwa boyi. Basi usiniambie, "Kiswahili changu si kizuri." Andika kile unachosema unaponunua makala sokoni.

Sasa tuingie kazini. Utaanza wapi?

Usianze na "maisha yangu yote". Utachoka ukurasa wa pili. Anza na saa moja tu. Chagua saa ambayo bado unaiona ukifumba macho. Tuseme kijana mmoja ameandika hivi: "Tulikimbia kwa shida kubwa sana, tukafika Goma tukiwa tumechoka mno." Maneno haya si ya uongo. Lakini kila mkimbizi wa dunia anaweza kuyasema, na msomaji anayapita kama anavyopita mti kando ya njia. Mwulize kijana yule: mlitoka wapi? Nani alikuwa mbele? Mlibeba nini? Nani alisema nini? Utaona anaandika namna nyingine:

"Tulipopita Sake, baba alikuwa anasukuma chukudu. Juu yake kulikuwa na godoro, na juu ya godoro alikaa tate, mama wa baba. Penye mawe ya volkano chukudu ilikwama. Tate alishuka, akatembea kwa miguu yake, kisha akapanda tena bila neno. Karibu na Mugunga akauliza, 'Nani atalisha kuku?' Baba hakujibu. Kuku walikuwa ndani ya mfuko, miguu imefungwa, kando ya goti lake."

Tazama, neno "shida" halimo. Wala hakuna "sana", wala "mno". Lakini umejua kwamba tate ameanza kusahau, na umejua kwa nini baba hakujibu. Mtu wa Rutshuru ataielewa habari hii, mtu wa Masisi ataielewa, wa Minembwe ataielewa, hata yule aliyekuwa upande wa pili wa bunduki anaye tate wake. Ndiyo nguvu ya kitu kidogo. Maneno makubwa kama mateso, unyama na maangamizi yana fasi yake, lakini yamesemwa mara nyingi mno kwenye mikutano, na masikio yamekuwa sugu. Sufuria, ufunguo, kuku ndani ya mfuko, haya hayajazoeleka.

Wengi wanaona haya juu ya vitu vidogo. Wanafikiri ni mambo ya wanawake. Mimi nasema wanawake ndio wataandika vizuri zaidi, kwa sababu walipokimbia ndio waliochagua nini kibebwe na nini kiachwe.

(Muziki kidogo.)

Mtu mmoja ametuuliza: "Mimi sikumbuki tarehe. Nikiandika mwaka usio sawa, watasema ninadanganya?" Swali zuri. Usitunge tarehe. Funga habari yako kwenye jambo ambalo wote wanalijua, kama mtu anavyofunga mbuzi kwenye mti. Je, ilikuwa kabla ya wakimbizi wa Rwanda kuvuka mpaka Julai 1994, au nyuma? Vita vya 1996 vilikuwa vimeanza? Ulikuwa ungali unatumia zaire sokoni, au tayari frangi, iliyoanza mwaka 1998? Ilikuwa kabla ya moto wa Nyiragongo wa 17 Januari 2002? Au ni ule wa 22 Mei 2021? Ulikwisha kupiga kura ile ya Julai 2006? Kama hata hapo hupati, tumia watoto wako. "Wa tatu alikuwa anatambaa." Ni tarehe kamili, na mtu mwenye akili ataihesabu. Na pasipokumbukika, andika wazi: "Hapa sikumbuki." Maneno hayo hayakuaibishi. Yanamfanya msomaji aamini mengine.

Vivyo hivyo na maneno ya watu. Huwezi kukumbuka mazungumzo yote ya miaka 20 iliyopita, neno kwa neno. Weka yale machache yaliyobaki masikioni mwako. Mengine useme, "alisema karibu hivi".

Sasa nafika penye moyo wa mazungumzo ya leo, na hapa naomba mkaribie redio. Kuna njia tatu ambazo habari inakufikia: umeiona, umeambiwa na mtu unayemjua, au inasemwa tu. Ukiandika, usizichanganye kamwe.

Nitawapa mfano kutoka mbali, kwa sababu mfano wa karibu ungemchoma mtu. Katika nchi ya Guatemala, Amerika ya Kati, kulikuwa na vita vya ndani miaka 36, tangu 1960 mpaka 1996. Wenyeji wa asili, Wamaya, waliumia kuliko wote. Dada mmoja wa Kimaya, Rigoberta Menchú, alikimbia nchi yake. Mwaka 1982, akiwa Paris, alisimulia maisha yake kwa mtaalamu Elisabeth Burgos, naye akayanasa kwenye kaseti. Mwaka 1983 kikatoka kitabu, kikasomwa dunia nzima. Mwaka 1992 Menchú akapewa Zawadi ya Nobel ya Amani.

Kisha mwaka 1999 Mmarekani David Stoll akatoa kitabu chake. Yeye alikuwa amekwenda Guatemala kuwauliza watu wa milima ile. Akaonyesha kwamba mambo kadhaa ambayo yule dada aliyasimulia kama mtu aliyesimama pale, hakuyaona mwenyewe. Alikuwa amesimulia jinsi wanajeshi walivyomwua ndugu yake hadharani katika mji wa Chajul, mbele ya macho ya jamaa. Ndugu yake aliuawa kweli, na ni jeshi lililomwua. Lakini yeye hakuwapo, na wenyeji walikikumbuka kifo kile kwa namna nyingine. Menchú alijitetea kwamba alisema kwa jina la watu wake wote. Namwelewa. Alikuwa kijana, watu wake walikuwa wanakufa, na alitaka dunia isikie.

Kamati ya Nobel haikumnyang'anya zawadi. Tume ya ukweli ya nchi ile ilisema mwezi wa Februari 1999 kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walipotezwa, na kwamba katika kila maovu 100 iliyoyaandika, 93 yalitendwa na jeshi na watu wa serikali. Baba wa Menchú alikufa kweli ndani ya ubalozi wa Hispania uliowaka moto 31 Januari 1980, na mwaka 2015 korti ilimhukumu mkubwa mmoja wa zamani wa polisi kwa sababu ya moto ule. Basi mambo makubwa yote yalisimama. Lakini wale waliotaka kusema, "Mnaona, wanatunga tu," walipata mlango wa kuingilia, na miaka mingi watu walibishana juu ya dada yule badala ya kubishana juu ya wauaji. Na mlango ule ungefungwa kwa maneno mawili tu: "Mama aliniambia."

Kwa hiyo, ndugu, andika: "Niliona moshi. Sikuona aliyewasha." Andika: "Mjomba wangu, ambaye alibaki, aliniambia kwamba watu watano walizikwa nyuma ya shule." Na lile linalosemwa tu, ambalo limezunguka kambi nzima na kila asubuhi linaongezeka wafu kumi, liache. Au andika kwamba lilisemwa, na jinsi lilivyowatia watu hofu, maana hofu ile uliiona.

Hilo ndilo lililonizuia kusoma kaye ya mama yule kwenye redio. Sisi watu wa redio hatuna mdomo safi. Hapa jirani, Rwanda, redio RTLM ilianza mwaka 1993, na mwaka 1994 ikawa inawaita watu waende kuua jirani zao. Haikuanza na panga. Ilianza na nyimbo, na mzaha, na neno "wao".

Tazama lugha yetu. Silabi moja ndogo, wa-, inabeba watu elfu na elfu. "Walituchoma." Nani? Mtu anayesoma anajaza mwenyewe: anaweka kabila zima, pamoja na watoto wanaonyonya na wazee wasioona. Kumbe wewe uliona watu wanne. Basi andika wanne. "Walikuja watu wanne, wawili wana bunduki, mmoja amevaa koti la mvua la manjano, mmoja ni kijana ambaye ndevu hazijaota." Hukuficha ukweli. Umeusema sawasawa kuliko kwanza, na hukumwua mtu ambaye hakuwapo. Mama yule nilipomwomba ahesabu, alifikiri kwa muda mrefu, akasema, "Saba. Na wa saba alisimama mbali, hakuingia katika nyumba yoyote." Katika kurasa 11 yule wa saba hakuwamo.

Sasa, juu ya majina. Jirani aliyekuficha chini ya kitanda chake, hali yeye ni wa kabila lile lingine, unatamani kumshukuru kwa jina. Ngoja. Yeye bado anakaa kule, na wako watu ambao hawatamsamehe wema ule. Mbadilishie jina, ukaandike mwanzoni mwa kaye: "Majina nimeyabadilisha." Badilisha pia alama zinazomjulisha: kama ni fundi pekee wa saa katika kijiji, kulibadilisha jina lake hakusaidii kitu. Na yule aliyekutenda mabaya, kama unataka haki, jina lake uliweke kwenye karatasi nyingine, umpelekee wakili au mtu wa haki za binadamu unayemwamini, mkononi, si kwa mtoto wa kutumwa. Kaye ya maisha inapita mikono mingi. Inasahaulika mezani. Kambi zilizokuwa kando ya Goma zilipobomolewa mwanzoni mwa mwaka 2025, watu waliondoka kwa haraka, na katika haraka ile nani alijua karatasi zake zimebaki wapi?

(Muziki kidogo.)

Kuna jambo ambalo wengi hawapendi nilitaje. Habari ya maisha ambamo mwandishi hana kosa hata moja haiaminiki. Andika na lile ulilolitenda wewe.

Nitaanza na langu. Bukavu ilipoanguka, mwishoni mwa Oktoba 1996, mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu. Tulikuwa tunapanda njia ya Kabare, watu kama mto. Mama mmoja mzee, jirani yetu wa miaka mingi, alikuwa amekaa kando ya njia juu ya mzigo wake. Akaniita kwa jina la utoto wangu, jina ambalo nyumbani tu wanalijua. Nilisikia. Mkononi nilikuwa nimeshika redio, si kitu kingine, redio. Nikaangalia mbele, nikapita. Sikumwona tena. Miaka mingi nilipoandika habari ya siku ile niliandika risasi, niliandika njaa, niliandika wanajeshi waliotupita mbio wakituacha nyuma. Yule mama sikumwandika. Na kila nilipoisoma kaye ile nilijua ina tundu, ingawa waliosoma wengine walilia machozi. Siku nilipomwandika, ilikuwa mistari sita. Ndiyo mistari pekee ambayo sijaibadilisha.

Sisemi kwamba kosa langu ni sawa na la mtu aliyechoma nyumba. Hapana. Lakini mtoto wangu akisoma habari yangu, nataka ajue kwamba baba yake aliogopa, ili siku akiogopa asifikiri yeye ni wa kwanza.

Wakubwa wetu, sasa nasema nanyi. Katika mikutano mnaandika historia ya jamii zenu, na nimezisoma nyingi. Huyu anaanza mwaka 1993. Yule anaanza 1996. Mwingine 1998, mwingine 2012. Kila upande unaanza habari mwaka ule ulioumizwa, na ukianza hapo, jirani anaonekana kama aliyezaliwa na panga mkononi. Jaribuni kuanza kabla. Andikeni mlivyokopeshana chumvi, nani alimzalisha mke wa nani, ng'ombe gani ilitolewa kwa harusi gani, na tena mzozo wa kwanza wa shamba ulivyotokea kabla mtu hajafa. Ni kazi ngumu, kwa sababu mtu aliyeumia anaona kama unamwibia uchungu wake. Lakini mkutano ambamo pande mbili zimeandika mwaka ule wa chumvi unaanza kwa namna nyingine. Nimeuona mmoja. Waligombana hata hivyo, lakini waligombana juu ya mpaka, si juu ya damu ya mababu.

Na ninawaomba: msidai kaye za watu. Msiziweke muhuri. Mtu akijua shefu atasoma, ataandika yanayompendeza shefu.

Mtu asiyejua kuandika afanye nini? Amsimulie mjukuu. Na wewe mjukuu, andika anavyosema, usimsahihishe. Akisema jambo mara tatu, jiulize kwa nini, kisha uliandike. Umsomee ulichoandika. Akisema "sivyo", ufute, hata kama ulikuwa umekipamba vizuri. Habari ni yake.

Lakini mtu asilazimishwe. Hasa mama na dada waliotendewa yale ambayo hatuyataji mbele ya watoto, na watoto waliotoka msituni na bunduki. Wako watu ambao kuandika kunawapa usingizi. Wako wengine ambao kunawarudisha usiku ule ule, mikono ikatetemeka, jasho likatoka. Ukiona hivyo, weka biki chini, toka nje, chota maji, ongea na mtu. Waweza kuandika juu ya shamba lako lilivyokuwa kabla ya vita, na habari ile nyingine ikangoja mwaka mzima, au isiandikwe kamwe. Nayo ni haki yako.

Mambo ya mwisho ni ya mkono. Andika kwa biki, si kwa kalamu ya risasi ambayo inafutika. Andika upande mmoja wa karatasi kama kaye inatosha, kwa sababu unyevu unapitisha wino. Ifunge katika plastiki mbili. Ukimaliza ukurasa, usome kwa sauti. Fasi ulimi unapokwama, pana neno ulilolikopa kwenye hotuba ya mtu. Litoe.

Mama yule wa sufuria alirudi baada ya majuma matatu na kaye mpya. Zile kurasa 11 hakuzichana. Alizikunja akazitia nyuma, akasema nazo zilitoka moyoni mwake siku ile na hazitupi. Ile mpya ina kurasa nne tu. Ameniruhusu niisome hapa juma lijalo, majina yakiwa yamebadilishwa. Inaanza na kikwembe kilichoungua pembeni. Msikose.

Amani kwenu.